Waya Alioukata Injinia

Mtaani walimwita Injinia, naye hakuwahi kuwakataza. Alikuwa fundi wa mafriji. Chuo cha uhandisi alikijua kwa sababu aliwahi kwenda kutengeneza friji la kantini yao, basi, lakini jina lilipomkaa alilivaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kwenye kibao cha karakana, juu ya mchoro wa friji uliofanana zaidi na jeneza, aliandika kwa rangi nyekundu: INJINIA, MAFRIJI NA VINGINEVYO.

Hivyo vinginevyo ndivyo vilivyomponza.

Mkewe alikuwa dobi. Alifulia nyumbani mashuka ya nyumba za wageni, sare za walinzi, mapazia na nguo za wachanga. Jua likiwapo kazi ilikwenda vizuri, kamba za uani zinajaa asubuhi, jioni kila kitu kimekunjwa. Mvua zikianza, balaa. Mashuka yalitandazwa juu ya viti, juu ya milango, juu ya kitanda chao wenyewe, na bado yakatoa ile harufu ya nguo iliyokauka kwa kuchoka kusubiri. Wateja walinusa wakakunja pua. Siku moja mteja mmoja alimrudishia furushi zima mlangoni, majirani wakitazama. Mkewe alilipokea, akaenda uani, akaanza kufua upya. Injinia alikuwa amekaa palepale na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini chai haijaisha.

Ndipo akatengeneza kabati.

Lilikuwa la chuma, la kuwekea mafaili, ofisi moja ilikuwa inalitupa. Akatoa droo, akapitisha fito za kutundikia nguo. Chini akafunga koili ya oveni kuukuu, nyuma yake feni ya friji lililokufa, na juu akatoboa matundu ya kutolea mvuke. Akalipaka rangi ya samawati. Nguo mbichi ziliingia asubuhi, na kabla jua halijafika utosini, kama lingekuwapo, zilitoka kavu, zina joto, zinanukia sabuni. Mkewe alitoa shuka la kwanza, akaliweka shavuni, akafumba macho.

"Umeniletea jua ndani ya nyumba," alisema.

Likaitwa kabati la jua.

Kasoro ilikuwa moja. Kabati likiwashwa baada ya kukaa siku kadhaa bila kazi, swichi kuu ya nyumba iliruka. Taa zinazimika, redio inanyamaza katikati ya taarifa ya habari, mkewe anapiga ukelele toka uani. Injinia alitafuta chanzo akakipata. Palikuwa na waya wa ardhi, ule wa mistari ya kijani na njano, unaounganisha bati la kabati na udongo, ili umeme ukipotea njia uende ardhini na usiende kwa mtu. Akiuunganisha, swichi inaruka. Akiutoa, kabati linanguruma bila wasiwasi. Alijua kazi ya waya ule. Hakuna fundi asiyeijua. Lakini mashuka yalikuwa yamerundikana na mvua ilikuwa inapiga bati. Akachukua koleo, akaukata, akaufunga ncha kwa utepe mweusi, vizuri kabisa, kama mtu anayefunga kidonda. Swichi haikuruka tena. Akajiambia tatizo limekwisha.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kabati lile lilijiuza lenyewe. Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu wa chekechea iliyokuwa nyuma ya karakana, mama wa sauti kubwa na moyo mkubwa, ambaye watoto wake walikojoa kwa zamu kama waliopangiana. Wa pili alikuwa kinyozi, aliyechoka kuwapangusa wateja kwa taulo mbichi. La tatu Injinia hakuliuza. Alimzawadia mama mkwe wake, akalibeba mwenyewe begani mpaka kwake mchana kweupe, akisimama kila hatua kupumzika na kujibu maswali ya watu. Mama mkwe alikuwa mjane, anakaa peke yake, miguu inamsumbua. Alilizunguka kabati lile mara mbili, kisha akawaambia majirani waliojaa mlangoni, "Wenzangu mabinti zao wamewaletea wakwe. Mimi wangu kaniletea mtoto."

Yote matatu aliyatengeneza kama lile la kwanza. Waya ule aliukata kwenye yote.

Mwaka ulipita. Akaja msimamizi wa bweni la wanafunzi, mtu mwembamba mwenye mazoea ya kugonga vitu kwa kidole kabla ya kuviamini. Aligonga kabati, akachungulia matundu, akasema anataka ya bweni zima. "Ila niletee cheti cha usalama. Bila cheti siingizi kitu cha umeme bwenini. Mtoto wa mtu akiungua nitajibu nini?"

"Cheti?" Injinia alicheka. "Cheti ni karatasi tu, ndugu yangu. Nitakuletea."

Siku ya kwenda kupima, mkewe alimnyoshea suti ya harusi, ambayo kifungo chake cha tumbo sasa kilifungwa kwa kuvuta pumzi. Kabati lilisuguliwa mpaka likang'aa, likapakiwa kwenye pikapu. Majirani walitoka kuwaaga.

"Injinia, ukishakuwa mkubwa usije ukatusahau!"

"Nitawasahauje," alijibu kwa dirisha, "wakati mnadaiwa wote?"

Wakacheka. Pikapu ikaondoka.

Maabara ya kupimia vifaa vya umeme ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya mbao na sakafu iliyotandikwa mpira mweusi. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo benchi la watu wanaosubiri zamu, kila mmoja na kitu chake mapajani. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo yote yaliyosemwa ndani yalisikika nje. Mpimaji alikuwa dada mmoja kijana, koti la kijivu, sauti ya chini.

"Karibu, mzee. Karibu, mama. Hebu nielezeni kifaa chenu."

Injinia alieleza. Alieleza kwa mikono miwili, akitembea kama mtu anayehutubia, akaingiza na maneno aliyoyasikia zamani kwa mafundi wakubwa. Mkewe, ambaye hakuyaelewa hata nusu, alimtazama kwa macho ya kujivunia. Mpimaji alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akachukua bisibisi, akafungua bati la nyuma, akaingiza kurunzi.

Mwanga wa kurunzi ukasimama mahali pamoja.

"Mzee, huu waya nani aliukata?"

Angeweza kusema ulikatika safarini. Lakini utepe ule mweusi ulikuwa umefungwa vizuri mno.

"Nilikata mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Ulikuwa unaangusha swichi kuu."

Mpimaji aligeuka akamtazama. Usoni hakuwa na hasira wala dharau, na Injinia baadaye alisema heri angekuwa nazo. "Mzee wangu, uliuondoa kwa sababu ulikuwa unafanya kazi yake."

Nyuma ya kioo mtu alikohoa.

Mpimaji akabana kibanio cha kipimo chake kwenye bati la kabati, akamwaga maji kidogo kwenye shuka, akalitundika, akawasha. Baada ya muda akamwita Injinia asome mwenyewe. Bati lilikuwa na umeme. Mpimaji akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: koili kuukuu ile inanyonya unyevu ikikaa, umeme unavuja humo, na kwa kuwa hauna pa kwenda unakaa kwenye bati ukimngoja mtu. "Hapa tumesimama juu ya mpira, hatuusikii. Mwenye mikono mibichi na miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji atausikia. Leo atausikia kidogo. Siku koili ikipasuka, hatakuwa na nafasi ya kusimulia."

"Ndiyo," alisema Injinia.

"Sasa tuone nguo ikidondoka." Akachukua taulo, akaliachia toka kwenye fito lianguke juu ya koili, akafunga mlango wa kabati. Kidhibiti joto, cha kuzima koili joto likizidi, Injinia alikuwa amekifunga juu kabisa, karibu na matundu, na huko juu hewa ilikuwa bado ya vuguvugu tu. Chini taulo likaanza kunuka, kisha likatoa moshi, na moshi ukapanda ukatokea kwenye matundu yale aliyoyatoboa kwa mkono wake. Mpimaji akazima, akalitoa kwa koleo. Katikati palikuwa na duara jeusi.

"Hilo si la kukaushia," sauti ya mwanamume ikasema toka kwenye benchi. "Hilo ni la kuchomea nyama."

Benchi zima likacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wanaposhukuru kuwa zamu ile haikuwa yao. Jasho lilimtiririka Injinia ndani ya suti. Kifungo cha tumbo kikamkaba, akakifungua, na kukifungua mbele ya watu nako kukamtia aibu.

Mpimaji alipangusa mikono. "Wazo lako zuri, usije ukadhani nalidharau. Linarekebishika. Nitakueleza cha kufanya, urudi. Ila kwanza niambie: kuna mengine kama hili yanayotumika mahali popote?"

Lilikuwa swali jepesi. Injinia alitazama kioo, akaona nyuso zikimtazama. Akatazama taulo lile.

"Hapana," alisema. "Ni hili tu."

Mkewe aliinamisha kichwa, akaanza kuzungusha kamba ya mkoba kwenye kidole.

"Namshukuru Mungu," alisema mpimaji. "Maana yangekuwapo, ningekuambia yazimwe leo hii."

Pikapu iliuacha ule mtaa wa maofisi.

"Umesema ni hili tu," mkewe alisema.

"Ulitaka niseme nini, na watu wale wote wanakenua?"

"Chekechea kuna watoto."

"Mwaka mzima, mama watoto. Nani amedhurika?"

"Kwa hiyo tusubiri?"

Akashika usukani kwa nguvu. "Nitayarekebisha kimyakimya. Nipe nafasi."

Mkewe alitazama nje. "Mle ndani nimekusitiri, kwa sababu wewe ni mume wangu. Lakini sitakusitiri kwa mtoto wa mtu."

Walipofika nyumbani, watu walikuwa wanangoja. Injinia aliteremka akitabasamu. "Majibu bado. Wanaandika." Na kama ilivyo kawaida ya mtaa, "bado" likageuka "karibu", na "karibu" likageuka "tayari". Kesho yake akapewa hongera mara nyingi hata akaanza kupita vichochoroni.

Kinyozi alimkamata hukohuko vichochoroni, akamburuta mpaka kitini. "Kaa. Kidevu cha mtu mwenye cheti hakinyolewi kwa pesa." Akampaka povu. Kabati la samawati lilikuwa linanguruma pembeni, na kila baada ya muda kinyozi aliacha wembe, akalifungua kwa mikono iliyolowa, akachomoa taulo. Injinia alimfuata kwa macho kwenye kioo. Kila mkono ule ulipoligusa bati, yeye ndiye aliyeshtuka.

"Tulia bwana, nitakukata!"

Maneno yalimjaa mdomoni pamoja na povu. Alipopanguswa uso, alichoweza kusema ni hiki: "Hivyo viatu vyako vya mpira vizuri. Usivivue ukiwa kazini."

"Vya sokoni tu hivi," kinyozi alisema, amefurahi. "Ukitaka nitakupeleka."

Akatoka pale amenyolewa vizuri, na amejichukia. Akakata shauri kwenda chekechea mguu kwa mguu kabla moyo haujapoa.

Mwalimu alimwona toka getini. "Injinia huyo! Watoto, msalimieni Injinia!"

"Shikamoo Injiniaaa!"

Kabati lilikuwa ukumbini, karibu na mikeka ya kulalia. Mtoto mmoja mdogo, kidole mdomoni, alikuwa amekaa sakafuni ameegemeza shavu kwenye mlango wake.

"Wanalipenda hilo," mwalimu alisema. "Baridi hii, lina joto. Kulala mpaka wagombanie nafasi."

Injinia alimwinua mtoto yule, akamweka mbali. Mwalimu alikuwa anamtazama, uso umejaa wema, na uso ule ndio uliomshinda. Akachomoa plagi ukutani. "Feni imechoka," alisema. "Msiliwashe mpaka nirudi na nyingine."

"Haya. Fundi anayefuatilia kazi yake, wangapi siku hizi?"

Akaondoka akijiambia kuwa amefanya jambo. Lililobaki ni maneno tu, na maneno yanaweza kusubiri.

Keshoye mkewe alimwambia nenda kwa mama. Hakusema kwa nini. Alisema hivyo tu, akiwa amempa mgongo, anasugua.

Mama mkwe alikuwa jikoni, nguo zake chache zimo kabatini. Alimkaribisha, akamwekea kiti, akaenda kutazama kama zimekauka. Injinia akaona jambo. Mama mkwe alichukua mwiko wa mbao uliokuwa umeegeshwa ukutani, akaingiza mpini wake chini ya kitasa, akavuta mlango kwa mwiko. Akatoa kanga kwa kuinyakua upesi, kama mtu anayetoa kiazi kwenye moto. Kisha akaufunga mlango kwa mwiko uleule.

"Mama," Injinia alisema. "Mbona unafungua kwa mwiko?"

"Aa, mazoea ya uzee tu, mwanangu."

"Mama."

Mama mkwe aliuweka mwiko chini. "Linang'ata kidogo," alisema. "Si sana, kama siafu. Mwanzo nilidhani ni presha yangu, damu inakimbia vibaya. Nikaenda mpaka hospitali, wakanipa dawa. Baadaye nikaona nikitumia mti halining'ati."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolileta."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ulilibeba begani mbele ya macho ya watu. Na mimi nilishajisifu mtaa mzima. Nilisema, mtoto wa watu kahangaika, acha nimsitiri. Kila zawadi ina namna yake ya kushikwa."

Alijaribu kucheka. Injinia hakuweza. Aliinuka, akachomoa plagi, akatoa kisu cha mfukoni, akaikata kabisa kutoka kwenye waya wake, ikabaki mkononi.

"Mama, nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kuna waya wa kuzuia hilo. Niliukata mwenyewe. Nilijua ni wa nini."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Aibu ya maabara ilikuwa ya suti na kifungo, ya watu asiowajua. Hii haikuwa na wa kucheka.

"Ulijua," mama mkwe alisema polepole, "ukaniletea mimi?"

Injinia aliitikia kwa kichwa.

"Haya, mkwe wangu," mama mkwe alisema mwisho. Tangu binti yake aolewe hakuwahi kumwita hivyo. "Nimesikia. Nenda kwa hao wengine."

Alikwenda chekechea akikimbia, mtu mzima na tumbo lake, plagi iliyokatwa bado mkononi. Ulikuwa wakati wa wazazi kuwachukua watoto, ukumbi umejaa miavuli na mikoba. Na toka mlangoni alisikia ngurumo anayoijua. Kabati lilikuwa linawaka.

"Injinia, usinigombeze," mwalimu alisema alipomwona. "Nguo zililowa zote. Nikajaribu, nikaona feni inazunguka vizuri tu."

Injinia akapita katikati ya watu, akachomoa plagi, akaikata.

"Feni ni nzima," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia kwa nguvu, maana alijua asiposema sasa hatasema tena. "Feni haina kitu. Nilidanganya. Kabati hili linarusha umeme. Nimelipeleka kupimwa, limeshindwa. Niliambiwa yote yazimwe, nikaona haya kusema kwamba yapo mengine."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha baba mmoja, mwanawe amelala begani, akasogea.

"Mwanangu analala kando ya hilo kabati."

"Najua. Nilimwona."

"Ulimwona lini?"

"Jana."

Yule baba alimkabidhi mkewe mtoto. Ilionekana kama anataka mikono yake iwe mitupu, na watu wawili wakamshika bega. Mwalimu hakupaza sauti. Yeye, ambaye sauti yake ilisikika mpaka karakana, alizungumza kama mtu aliyepungukiwa pumzi. "Jana ulisimama hapahapa. Watoto wakakusalimia. Ukaniangalia usoni ukaniambia feni."

"Ndiyo, mwalimu."

"Toa kitu chako hapa."

Injinia akakikumbatia na kukiburuta peke yake mpaka nje kwenye mvua. Hakuna aliyemsaidia, na mlangoni walimpisha kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Kwa kinyozi ilikuwa fupi. Kinyozi alisikiliza, akatazama miguu yake, akasema, "Ndiyo maana uliniambia nisivue viatu." Akamsaidia kulitoa. Tangu siku ile Injinia akienda kunyolewa hulipa kama watu wengine, na mazungumzo huwa ya hali ya hewa.

Siku iliyofuata alirudi maabara bila suti. Alisubiri zamu yake kwenye benchi nyuma ya kioo, na ilipofika akaweka plagi tatu zilizokatwa juu ya meza.

"Dada, nilikudanganya. Yalikuwapo matatu mengine. Moja chekechea."

Mpimaji aliziinua plagi zile moja moja. Injinia alikuwa amejiandaa kwa karipio, hata kwa polisi. Kumbe hakujiandaa kwa alichokisikia.

"Mimi nilikuamini, mzee," alisema, na masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. "Nilitakiwa niulize mara ya pili. Nikaona suti, nikaona na mama amekaa pale, nikasema huyu mtu mzima, hawezi kunidanganya."

Hapo ndipo Injinia alipotamani sakafu ipasuke. Akaomba radhi. Mpimaji akamuuliza kuhusu kila kabati, liko wapi sasa, nani amelitumia, kuna aliyeumia. Aliporidhika, akavuta kiti. "Haya, kaa. Tuanze na koili."

Ilimchukua muda mrefu. Koili kuukuu aliitupa, akatafuta mpya iliyozibwa isinyonye maji. Waya wa ardhi aliufunga kwa skrubu mbili, na swichi kuu haikuruka, kwa sababu sasa hapakuwa na umeme uliopotea njia. Akaweka wavu juu ya koili ili nguo isiifikie, na kifaa cha kukata umeme joto likizidi palepale chini, joto linapoanzia. Mara ya pili walimrudisha kwa sababu kabati liliendelea kuwaka mlango ukiwa wazi. Alisikiliza, akasema "sawa, dada," akaenda akarekebisha. Mara ya tatu lilipita. Mpimaji alimpa mkono kwa furaha ya kweli. Injinia aliupokea, lakini macho yake yaliishia kwenye vifungo vya koti la dada yule.

Wakati huo msimamizi wa bweni alikuwa ameshanunua mashine za dukani. Alisikia habari ya chekechea, akatuma mtu kusema asante, makabati hayahitaji tena. Cheti mkewe ndiye aliyekipachika ukutani. Injinia alikuwa amekiacha juu ya friji. Ameuza makabati machache tangu hapo. Kabla ya kumpelekea mteja, huenda kwanza kupima waya wa ardhi wa nyumba yake, na usipokuwa mzuri hukataa kuuza. Wengine hukasirika, wakasema, "Fundi, kwani una cheti au huna?"

Mwalimu hakutaka lingine. Alifunga kamba chini ya paa la baraza, na wakikutana hujibu salamu, kisha hukumbuka kuwa ana haraka. Mama mkwe naye alikataa, kwa upole, akasema nguo za mtu mmoja ni ngapi. Binti yake hufua na kukausha zake pamoja na za wateja, na kila mwisho wa juma Injinia humpelekea mwenyewe. Hukaribishwa, hupewa kiti na chai, huulizwa habari za watoto. Hubaki mpaka chai iishe, kisha huaga.

Nyumbani mvua zikianza, mkewe huja toka uani na beseni la mashuka mabichi, miguu mitupu, maji yanamchuruzika viwikoni. Husimama. Injinia huacha alichokuwa anafanya, akachukua kipimo, akagusisha bati la mlango, la ubavuni, la nyuma. Kabati lina muhuri wa maabara, na mkewe anajua lina muhuri. Hajawahi kumwambia inatosha. Hungoja tu, beseni kiunoni, mpaka mumewe ageuke.

"Haya," Injinia humwambia, akimpisha mbele ya kabati. "Shika."